Tofali la Siku Thelathini

Kwenye tanuri la matofali palikuwa na sheria nyingi zilizobandikwa mlangoni, na hakuna aliyezisoma. Sheria iliyoheshimiwa haikubandikwa popote: anayevuta sigara ana haki ya kukaa chini mpaka sigara iishe. Msimamizi, mtu wa shingo fupi na filimbi ndefu, akikukuta umekaa bure alikupulizia filimbi mpaka ukajihisi mwizi. Akikukuta umekaa na sigara mdomoni, alipita kwa kunyata, kama mtu anayepita karibu na wanaosali. Ndiyo maana vijana wengi wa pale walijifunza kuvuta wiki ya kwanza ya kazi. Hawakuipenda sigara. Walipenda kukaa.

Hotuba peke yake hakuvuta. Alijaribu mara moja tu, bwenini, akatapika ndani ya sanduku la kiranja, na tangu siku hiyo yeye na tumbaku waliamkiana kwa mbali. Shule hiyo ya bweni ndiyo iliyompa jina. Kijana alikuwa na kipaji cha kuiga sauti ya mwalimu mkuu, kikohozi na miwani vikiwemo, na asubuhi moja alishika kipaza sauti akatangaza likizo ya dharura. Nusu ya shule ilikuwa imeshafika stendi na magodoro ndipo mwalimu mkuu mwenyewe alipoamka. Hotuba alipewa likizo yake pia, ila ya kwake haikuwa na tarehe ya kurudi. Sasa ana miaka ishirini, na kazi yake ni kukanyaga udongo kwenye shimo kwa miguu mitupu, kuanzia alfajiri, mpaka ulainike kiasi cha kufyatulia matofali.

Kaka yake, mtoto wa mama yake mkubwa, alikuwa mchochea moto pale pale. Walimwita Bomba, kwa heshima ya bomba la moshi, maana alivuta pakiti nzima kwa siku na moshi ulimtoka puani hata akiwa anakusalimia. Alikuwa na miaka ishirini na minne, mke mmoja na mtoto mmoja wa kike. Mtoto alipofikisha miezi minne alianza kukohoa, kikohozi kikavu, cha mtu mzima. Zahanati walimpa dawa mara mbili. Mara ya tatu nesi hakuandika dawa, alimuuliza mama mtoto, "Nyumbani nani anavuta?"

Shemeji yake Hotuba hakupiga kelele. Alikunja nepi moja moja, akazipanga kwenye beseni, akamfunga mtoto mgongoni.

"Nakwenda kwa mama," alisema. "Nitarudi ukiacha."

"Naacha leo, mke wangu. Haki ya nani."

"Usiniambie. Nimeshaishi na maneno yako miaka miwili, nayajua yote. Niletee kitu ninachoweza kukishika."

Kitu cha kushika kilipatikana zahanati hiyo hiyo. Kila Alhamisi mchana nesi alikuwa na kikao cha vijana wanaotaka kuacha tumbaku. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye subira, na mpango wake ulikuwa rahisi. Unachagua siku ya kuacha. Hamu ikija, unakunywa maji, unavuta pumzi taratibu, unazungumza na mtu dakika tano, kwa sababu hamu haina uvumilivu wa kusikiliza. Unakuwa na shahidi, mtu anayekula na kufanya kazi nawe. Siku ya thelathini unapuliza kwenye kimashine kidogo chenye kioo. Namba ikiwa chini ya saba, unapewa kadi yenye muhuri.

Shemeji alituma jibu: kadi hiyo anaipokea. Mama yake mzazi angekuja kushuhudia siku ya kupuliza.

Bomba akamchagua Hotuba kuwa shahidi. Watu tanurini walimcheka. "Umemchagua Hotuba? Aliyesoma barua ya Wizara ya Ndoa harusini kwako?"

Ilikuwa kweli. Siku ya harusi Hotuba alisimama, akasoma barua rasmi ya pongezi kutoka Wizara ya Ndoa na Uvumilivu, yenye muhuri mwekundu aliouchonga kwa kiazi, na mama mkwe alipiga makofi kwa dhati kabla ya kuelezwa.

"Huyo huyo," alisema Bomba. "Tangu mke wangu aondoke analala chumbani kwangu, anakula sahani moja na mimi. Nani mwingine atanijua kuliko yeye?"

Siku ya kwanza walizika pakiti ya mwisho nyuma ya banda la matofali. Hotuba aliongoza mazishi akiwa na tope mpaka magotini.

"Ndugu wafiwa," alianza, na kikohozi cha mwalimu mkuu. "Tumekusanyika kumuaga marehemu Pakiti, aliyezaliwa kiwandani na kulelewa mfukoni mwa kaka yetu. Marehemu alikuwa mtu wa watu. Ameacha mjane mmoja, kiberiti, ambaye leo anarithiwa na jiko."

"Amina," walisema wavutaji, na watatu wakawasha kwa huzuni.

Bomba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akachukua tofali bichi, lisilochomwa, akaliweka kwenye rafu ya banda na msumari juu yake. Jioni alichora mstari mmoja. Alisema atachora mmoja kila siku, na tofali hilo halitaingia tanurini.

Hotuba, tumpe haki yake, alifanya kazi. Siku ya tatu Bomba aligombana na toroli, akalipiga teke, toroli likashinda. Siku ya tano alilia, mtu mzima, akisingizia kitunguu siku ambayo hawakuwa na kitunguu. Kila hamu ilipokuja alipiga mluzi, na Hotuba alitoka shimoni na tope lake akaenda kumsimulia kitu chochote kwa dakika tano: jinsi kiranja alivyofungua sanduku, jinsi mwalimu wa hesabu alivyokimbizwa na bata. Msimamizi akipuliza filimbi, Hotuba alimjibu kwa kumpigia saluti. Mistari ikawa kumi, ikawa kumi na saba. Bomba akaanza kunusa vitu. Alinusa sabuni, akasema hakujua kwamba ina harufu. Alinusa kishati cha mtoto kilichosahaulika nyuma ya kitanda, akakirudisha pale pale.

Kulikuwa na jambo moja lililoharibika, na hakuna aliyelipa uzito. Kwa kuwa Bomba hakuvuta tena, hakuwa na haki ya kukaa. Wenzake walipokwenda kivulini na sigara zao, yeye alibaki kwenye mdomo wa tanuri akisukuma magogo na kumeza moshi kutwa nzima. Macho yalikuwa mekundu. Jioni kichwa kilimgonga.

"Nimeachana na moshi mdogo," alisema siku moja, akijimwagia maji, "nikaozwa mkubwa."

Hotuba alicheka, akauweka utani huo akiba ili aje kuutumia kama wake.

Alhamisi ya siku ya thelathini msimamizi alikataa kumwachia Bomba mapema, kwa hiyo walifika zahanati wakikimbia, masizi yakiwa bado kwenye nyusi. Mama mkwe alikuwa benchi la mbele, kitambaa kipya kichwani, mkoba umesimama wima mapajani. Bomba aliinama, akamwamkia macho yakiwa chini, akaenda kukaa mbali kama inavyompasa mtu mbele ya mkwe wake.

Walikuwa vijana tisa. Wakulima walitangulia. Wa kwanza akapuliza, kioo kikasema tatu. Wa pili nne. Makofi. Msichana wa kinu cha kusaga akapata mbili, akarukaruka. Kisha nesi akaita, Bomba akavuta pumzi, akaishika kwa sekunde kumi na tano kama alivyofundishwa, akapuliza.

Nesi alikitazama kioo. Alikifuta kwa kitambaa, akakitazama tena.

"Rudia, kaka yangu."

Akarudia.

"Kumi na tisa," alisema nesi taratibu. "Hii ni namba ya mtu anayevuta. Anayevuta sana."

Bomba alifungua mdomo, akamwona mkwe wake, akaufunga. Huwezi kubishana wala kuapa kwa kelele mbele ya mama wa mke wako. Ukifanya hivyo umeshashindwa kesi yoyote uliyokuwa nayo. Aligeuza shingo, akamtafuta mtu mmoja tu.

"Shahidi yupo?" nesi aliuliza.

Hotuba akasimama. Alikuwa na siku thelathini zote kichwani: toroli, kitunguu kisichokuwepo, sabuni. Alichotakiwa kusema kilikuwa neno moja tu. Lakini mabenchi yote yalikuwa yamegeuka kumtazama, na palikuwa na ule ukimya mtupu, ule wa uwanja wa shule kabla kipaza sauti hakijawashwa. Ulimi ukamtangulia.

"Mheshimiwa nesi, wageni waalikwa," alisema, na kikohozi kikatoka chenyewe. "Mimi nakula kwake. Mashine haili kwake. Kati yetu wawili, naomba muamini asiyekula."

Chumba kililipuka. Wakulima walipigana mabega. Msichana wa kinu alijifuta machozi. Hata nesi aliziba mdomo kwa daftari. Kilikuwa kicheko kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuvipata, na Hotuba alisimama ndani yake kama mtu anayeota moto, akisubiri kipungue ili aseme sentensi ya pili. Sentensi ya pili alikuwa nayo tayari: sasa bila utani, huyu mtu hajavuta.

Kicheko kilipopungua, mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni na mkoba wake. Nesi alikuwa ameshaandika. Bomba peke yake alikuwa bado anamtazama, hajacheka, amesubiri mpaka mwisho.

Njiani Bomba alisimama. "Wewe unajua," alisema. "Wengine waache. Wewe unajua."

"Najua, kaka." Na hapo ndipo Hotuba angepaswa kukomea. "Lakini sasa... mashine imeiona wapi kumi na tisa?"

Bomba alimwangalia kwa muda, kama mtu anayesoma bango la njia aliyokwisha kuipita. Akaendelea kutembea.

Kesho yake asubuhi tofali halikuwa kwenye rafu. Hotuba aliingia shimoni kukanyaga udongo kama kawaida, na mguu wa kulia ukagusa kitu kigumu. Alikitoa: lile tofali. Nusu ilikuwa imeshalainika na kurudi tope. Nusu nyingine bado ilikuwa na mistari. Alihesabu kumi na nne. Filimbi ikalia. Akalirudisha chini, akaendelea kukanyaga, mpaka mguu haukugusa kitu tena. Alipoinua macho, Bomba alikuwa amekaa kivulini na sigara mdomoni, na msimamizi anapita kwa kunyata.

Sasa kwa kuwa mchochea moto alikaa sana, moto ulihitaji mtu. "Wewe mchekeshaji," msimamizi alimwambia Hotuba, "njoo uuchekeshe huu moto." Akahamishiwa mdomo wa tanuri. Wiki tatu alisukuma magogo. Macho yakawa mekundu, jioni kichwa kikamgonga, na mara kadhaa alikumbuka utani wa moshi mkubwa, ila hakuutumia.

Alhamisi moja alijiunguza mkono, akaenda zahanati kutafuta dawa ya kupaka. Kikao kilikuwa kinaanza. Vijana wa benchi la nyuma walimtambua. "Hotuba! Tupe moja!" Hakuwa na moja. Lakini mkono wake usioungua uliona kimashine mezani, na mazoea yana miguu yake. Alikichukua, akainama kama bwana harusi, akapuliza kwa madaha huku shavu limevimba.

Wakacheka. Nesi alikitwaa ili kukifuta, akakodoa macho.

"Ulianza lini kuvuta?"

"Mimi? Muulize kiranja wangu wa bweni. Sijaanza."

"Usinitanie."

"Sikutanii, dada nesi."

Kioo kilisema kumi na saba.

Nesi alikaa. Alivuta droo, akatoa kijitabu cha mashine, akapekua mpaka kurasa za nyuma ambazo hazikuwa na picha. "Unafanya kazi wapi siku hizi?"

"Mdomo wa tanuri."

"Na yule kaka yako, siku ile alitoka wapi?"

"Pale pale. Tulikuja tunakimbia."

Nesi alikifunga kijitabu. Kisha alisema, kwa sauti ya chini ili benchi la nyuma lisisikie, "Mafunzo yalikuwa ya nusu siku. Walituambia inasoma moshi wa sigara. Inasoma moshi wowote. Nilipaswa kumuuliza. Swali moja tu, la kazi yake."

Jumapili tanuri lilipumzika, na Hotuba hakulikaribia. Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi, Hotuba alirudi akapuliza mbele ya nesi bila madaha. Mbili. Nesi aliandika barua: kwamba Bomba alipimwa vibaya, kwamba kosa lilikuwa lake yeye mpimaji, kwamba hapakuwa na sababu ya kumdhania alivuta. Akagonga muhuri.

Bomba aliisoma akiwa amekaa kivulini, sigara kati ya vidole. Aliisoma mara mbili.

"Barua nzuri," alisema. "Ina muhuri."

"Twende kwa shemeji, kaka. Leo leo."

"Niende nikanuke hivi mbele ya mkwe? Nimwambie nilikuwa nimeacha?" Alipuliza moshi pembeni, mbali na uso wa mdogo wake, adabu iliyobaki tangu siku za mtoto. "Nenda wewe. Wewe ndiye shahidi."

Hotuba alitembea saa mbili. Njia nzima alifanya mazoezi ya kuongea kama mtu wa kawaida, na kila sauti aliyoijaribu ilitoka na kikohozi cha mwalimu mkuu. Alimkuta shemeji uani anafua. Mtoto alikuwa mkekani, amekaa mwenyewe bila mto wala mkono wa mtu, akipiga kifuniko cha sufuria. Hakuwa akikohoa.

"Karibu, Wizara," alisema shemeji. "Leo umetumwa na nani?"

Akampa barua. Shemeji alijifuta mikono, akaisoma, akaanza kutabasamu. Alipofika kwenye muhuri alicheka waziwazi. "Mama, njoo uone! Safari hii kachonga vizuri. Kiazi gani hiki?"

Mama mkwe alitoka mlangoni, akaitazama ile karatasi kutoka mbali, kama chungu kilichowahi kumuunguza. Hakuigusa. Akarudi ndani.

"Shemeji, ni ya nesi," alisema Hotuba. "Ni kweli."

"Na ile ya harusini ilikuwa ya kweli pia."

Alitafuta neno la kuapia, akakuta yote ameshayachezea. Akabaki amesimama pale na mkono wake ulioungua, hana utani na hana kingine. Huenda ni hilo lililomfanya shemeji aache kucheka, maana hakuwahi kumwona Hotuba amekosa la kusema.

Aliisoma barua upya, polepole.

"Kwa hiyo aliacha."

"Siku thelathini. Nililala naye chumba kimoja. Hakugusa hata moja."

"Na siku ile pale zahanati ulijua?"

"Nilijua."

"Mama alisema ulisimama."

"Nilisimama."

Shemeji alikamua nguo ambayo haikuwa na maji tena. "Na sasa?"

Hapo Hotuba angeweza kudanganya, na ni kazi aliyoisomea. "Sasa anavuta," alisema. "Kuliko zamani."

Mtoto akapiga kifuniko. Shemeji alimtazama mtoto, si yeye.

"Ungeyasema haya siku ile," alisema, "leo ningekuwa nafua kwangu." Alianika ile nguo, akaisawazisha pembe. "Mwambie aanze upya. Mimi sijaolewa kwingine, nipo. Akifika siku ya kupuliza, apulize asubuhi, kabla hajakwenda tanurini. Na shahidi atafute mwingine."

Aliporudi, Bomba alikuwa kivulini pale pale. Hotuba alimweleza yote, neno kwa neno, hata la mwisho.

"Mtoto?" aliuliza Bomba.

"Anakaa."

"Anakaa kwa nani?"

"Anakaa mwenyewe, kaka. Mkekani."

Bomba aliitazama sigara. Ilikuwa imebaki nusu. "Ameanza lini?"

"Sikuuliza."

Bomba alitikisa kichwa taratibu. Kisha aliivuta mpaka mwisho bila haraka, kwa kuwa ndiyo iliyompa haki ya kukaa, na hakuwa na nguvu za kusimama.

Hotuba alikwenda shimoni, akachota udongo, akafyatua tofali moja. Aliliacha juani mpaka likashika, akaliweka kwenye rafu ya banda na msumari juu yake. Kesho yake halikuwa na mstari. Wala kesho kutwa. Alilifuta vumbi kila asubuhi, akaenda kusukuma magogo.

Siku ya nne msimamizi alisimama mbele ya rafu, akaligonga kwa filimbi yake. "Hili bichi la nani? Kwa nini haliingii tanurini?"

Watu wote waligeuka kumtazama Hotuba. Wengine walishaanza kutabasamu.

"La kaka yangu," alisema. "Naomba liachwe."

Walisubiri kidogo. Walipoona hakuna kinachofuata, walirudi kazini.